Wakuu naombeni msaada: maneno ya Kiingereza ya kuongelea safari, likizo na kwetu Tanga

Mwana wa Ngamiani

Wakuu habari za saa hizi. Nna mtihani wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza, mwezi ujao, kusoma na kusikiliza nashukuru Mungu nipo vizuri, kazi ipo kwenye speaking. Nimefuatilia wanavyouliza, ile sehemu ya kwanza ya dakika 4 hadi 5 wanapenda sana kuanza na nyumbani, unatoka wapi, mji wenu ukoje, unapenda nini hapo, mara wameshahamia kwenye likizo na kusafiri. Sehemu ya pili wanakupa kadi, unajiandaa dakika 1 halafu unaongea peke yako mpaka dakika 2, na napo mada za safari hawaziachi.

Sasa maswali yangu. Kwanza, mi nimezaliwa Tanga mjini nimekulia Ngamiani hapo hapo, lakini babu yangu mzaa baba ni mtu wa Kigoma alikuja Tanga enzi za mkonge, na nyumbani tukiulizwa kwenu wapi tunajibu Kigoma. Nikiulizwa "hometown" nataja wapi? Pili, "travel", "trip", "journey", "tour", "voyage" kamusi inaniambia zote ni safari, na "holiday", "leave", "vacation", "day off" zote likizo, sasa nachaguaje? Tatu, majibu ya mfano niliyoshusha mtandaoni yote ni museum, snow na kupanda train za chini ya ardhi, mi nataka niongelee Tanga na ninapokwenda kweli nikipata nafasi. Mwenye uzoefu anisaidie, nitashukuru sana.

Mwalimu wa Kihonda

Karibu mkuu. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Morogoro na huwa nasaidia vijana wanaojiandaa na huo mtihani, nikuanzie na hilo la kwenu maana ndo linalowachanganya wengi.

"Hometown" ni mji uliokulia. Hawakuulizi asili, hawakuulizi ukoo, kwa hiyo jibu lako ni Tanga, usiwe na wasiwasi wala usione umemkana babu. Halafu Kigoma unaiingiza kwa sentensi inayofuata: "I was born and brought up in Tanga, but my father's family is originally from Kigoma." Hiyo "originally from" ishike sana, ndo inayobeba ile maana ya kwetu tunayoisema sisi. Na hapo hapo una hadithi mkononi ambayo mtu wa majibu ya kukariri hana. Mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mashamba yakawa makubwa, watu wakatoka Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji kuja kukata mkonge, ndo wale manamba wazee wetu wanaowasimulia. Kwa Kiingereza shamba kubwa la namna hiyo ni "sisal estate", usiseme "sisal farm" au "sisal shamba". Babu yako "came to work on the sisal estates and settled there". "Settle" maana yake akaweka makazi asirudi tena. Ukiyasema hayo mawili matatu tayari umeonyesha msamiati wako na bado unaongelea maisha yako mwenyewe.

Sasa safari. Chukua basi la kutoka Dar kwenda Tanga, unapita Chalinze, unakuja Segera unaingia kulia, Muheza unanunua machungwa dirishani, unafika. Yale masaa uliyokaa kwenye kiti, joto lake, foleni ya kutokea Dar, kusimama kula, hiyo ni "journey". "The journey was long but comfortable." "Trip" ni lile jambo zima, kwenda, ulichofanya huko, na kurudi: "I went on a trip to Lushoto", "a business trip", "a school trip". Ukienda na kurudi siku hiyo hiyo kama Tanga na Pangani, ni "a day trip". "Travel" hiyo mara nyingi itumie kama kitendo, "I love travelling", "I travelled by bus", na kamwe usiseme "a travel" au "my travel was good", hilo kosa nalisikia kila wiki. "Tour" unazungushwa sehemu kutazama, mara nyingi kuna mtu anawaongoza. "Voyage" achana nayo, hiyo ni safari ndefu ya baharini, boti ya Dar kwenda Unguja ya kama masaa mawili wanaiita "crossing".

Na neno lenyewe "safari" kuwa nalo makini. Wazungu walilichukua kwetu lakini wamelibana, kwao safari ni ile ya kuangalia wanyama tu. Ukisema "I was on safari last week" wakati ulienda kumuona shangazi Dodoma, anayekusikiliza anajua ulikuwa Serengeti.

Guide wa Moshi

Mwalimu amegusa penyewe. Mi ni mtu wa mlima, Kilimanjaro, kazi yangu ni maneno haya haya kutwa kucha na ngoja nichangie upande wa salamu za safari maana hapo watu wetu wanatafsiri moja kwa moja na mgeni anabaki ameduwaa.

Chukulia tupo uwanja wa ndege wa KIA tunapokea wageni, wametoka Ulaya usiku kucha, macho mekundu, wanasukuma mizigo. Kijana mpya yupo na mimi ameshika kibao chenye majina, anataka kusema pole na safari kama alivyolelewa, anasema "Sorry for the journey". Mgeni anaanza kuuliza sorry ya nini, kuna nini kimetokea, mzigo umepotea? Kwa Kiingereza hakuna pole ya aina hiyo. Unauliza "How was your flight?" halafu unaongeza "You must be tired", basi, huruma yako imefika. Kumsindikiza mtu mpaka stendi au airport ni "to see someone off", watu wetu wanapenda kusema "escort me", Waingereza "escort" kwao ni ya ulinzi ulinzi au mambo mengine kabisa ambayo hutaki kuyataja kwenye mtihani. Kumfuata mtu na gari ni "to pick someone up". Kushuka kwenye daladala sema "get off", "I get off at the market", sio "I drop at the market". Nisalimie wa nyumbani unasema "Say hello to everyone at home".

Halafu mizigo, jamani "luggage" haina wingi. Hakuna "luggages", hakuna "baggages". Unasema "a lot of luggage", ukitaka kuhesabu sema "two bags" imeisha. Pale getini wagumu wetu, yaani wapagazi, wanapimiwa mizigo, mwisho kilo 20 kwa mtu mmoja, na hilo neno nalisema kwa wageni kila safari, "your bag is too heavy, we need to take some things out".

Kingine hoteli. Sisi hoteli tunakula wali maharage, tunatoka tunaenda zetu. Kwao "hotel" lazima kuna vitanda. Ukisema "I had lunch in a small hotel" ataona umelala pahala, sema "a small restaurant" au "a local eating place". Gesti ni "guest house", hiyo haina shida.

Na kama utaongelea mlima, "climb Kilimanjaro" ni sahihi, watu wanasema, lakini ule mwendo wa siku tano sita mpaka Uhuru, mita 5,895, kitaalamu ni "trek" kwa sababu huning'inii kwenye kamba, unatembea kwa miguu yako pole pole. Kufika kileleni ni "to reach the summit", hiyo "reach" haichukui "to" nyuma yake wala "at", "we reached the summit", "we reached Tanga".

Binti Likoni

Hamjambo majirani, mie niko Mombasa, Tanga kwetu ni hapo tu, Horohoro ukivuka umefika. Nataka nimsaidie kuueleza mji wa pwani kwa sababu hiyo ni sawa na kwetu.

Kwanza kihusishi, ni "on the coast", si "in the coast", hata huku wengi husema "I'm in coast" na ni ya kienyeji. "By the sea" pia nzuri. "Tanga is a port city on the north coast of Tanzania, not far from the Kenyan border." Hapo umemaliza swali la wapi. Ukitaka kusema mji umetulia hauna haraka kuna neno zuri sana, "laid-back", na hilo kwa Tanga lafaa kabisa, mie nimekuja huko mara nyingi kwa harusi za jamaa zetu na napenda vile watu wanaendesha baiskeli bila kuogopa magari. Mji wa kelele na shughuli kama Kariakoo au hapa kwetu Marikiti ni "bustling". Majumba ya zamani yanayobanduka rangi ni "run-down", lakini kama bado yana haiba yake sema "faded" au "old but full of character". Nje nje ya mji ni "the outskirts", na mahali ambapo kila mtu anapajua, kama huo mnara wenu wa saa, ni "a landmark".

Hali ya hewa usikomee kwa "hot". Joto la pwani lile la nguo kugandana mwilini ni "humid", ukitaka la mazungumzo zaidi "sticky". Jioni upepo ukitoka baharini ni "sea breeze". Masika mwite "the long rains", vuli "the short rains", hayo yanaeleweka vizuri na mtahini ataona waijua nchi yako, na unaweza kuongeza "from March to May the roads get flooded" kama hiyo ndiyo hali ya mtaani kwenu.

Halafu jambo la kwenda bara. Sie huku tunasema "I'm going upcountry" kila Disemba, magari yamejaa, nauli imepanda, mji wabaki kimya. Vijana wanasema shags au ocha. Mkenya mwenzangu atanielewa, lakini mtu wa London "upcountry" haitumii sana, bora useme "I go back to my grandparents' village" au "our family home in the countryside". Na ndugu yangu usiseme "I go to home", ni "I go home" tupu, hata ukiwa na hamu namna gani.

Nesi Ughaibuni

Mimi nipo Uingereza nauguza wazee, mtihani huo nilishaufanya, kaka usiogope kabisa. Wengine wamesema ya safari ngoja niseme ya likizo kwa sababu huku ndo maongezi ya kila siku wodini wakati wa chai.

"Leave" ni ruhusa ya kazini, haki yako kisheria. Tanzania sheria ya kazi ya 2004 inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka, na huku Uingereza ni wiki 5.6 ambazo kwa anayefanya siku tano kwa wiki zinafika siku 28 za kazi, mwajiri anaruhusiwa kuhesabia sikukuu humo humo. Hiyo inaitwa "annual leave", unasema "I'm on annual leave". Ya kujifungua "maternity leave", ya ugonjwa "sick leave", ya msiba "compassionate leave". Hiyo ya msiba jua kuitaja kwa sababu sisi kwetu kuzika ni jambo zito na unaweza kuulizwa ulisafiri lini mara ya mwisho ukajikuta ulienda kuzika, unasema "I travelled home for a funeral", hakuna ubaya, ni maisha.

"Holiday" kwa Mwingereza ni ile unaondoka, unaenda kupumzika mahali. "Are you going anywhere nice?" ndo swali lao wakisikia una likizo, wanataka kujua unakwenda wapi. Unasema "I went on holiday", "I'm on holiday", na sio "in holiday". Mmarekani ndo anaita "vacation", na akisema "the holidays" anamaanisha Krismasi mpaka Mwaka Mpya. IELTS wanakubali Kiingereza cha popote ila usichanganye ovyo. "Day off" ni siku moja uliyopumzika zamu, "I'm off on Friday". Likizo ya shule ni "the school holidays", ukiwa shule "half-term" ni ile ya katikati ya muhula. Sikukuu ya serikali "public holiday", huku wanaita "bank holiday". Idd, Pasaka, Krismasi kwa familia ni "we celebrate Eid together", sio "we make Eid".

La mwisho na ni kubwa, "been" na "gone". "I've been to Zanzibar" nimewahi kufika na nimesharudi. "She's gone to Zanzibar" ameenda, yuko huko sasa hivi. Huku kazini nikiulizwa fulani yuko wapi nikajibu "she's been to the pharmacy" wanajua ameshasharudi wanaanza kumtafuta wodini. Na ukitaja muda uliopita, mwaka jana, Jumapili, mwezi wa nne, hapo "have" inatoka, unasema "I went".

Mwana wa Ngamiani

Aisee nashukuru sana wote, Mwalimu, kaka Guide, dada Binti Likoni, dada Nesi, hapa nimepata nilichokuwa natafuta. Nimejaribu kujibu kwa sauti nikajirekodi kwenye simu halafu nikaandika nilichosema bila kukibadilisha, naombeni mnirekebishe bila kunionea haya:

"My hometown is Tanga. It is found in the coast of Tanzania. It is quiet and it has many old buildings of Germans. I like it because life is not expensive. In holidays I go to Pangani with my cousins for swimming. Last year I have been to Kigoma by train to see my relatives, it was a long travel but I enjoyed."

Mwalimu wa Kihonda

Umefanya vizuri kujirekodi, na nimefurahi umetumia mambo yako mwenyewe. Twende mstari kwa mstari.

"It is found in" hiyo ni lugha ya jiografia ya darasani, mtu hasemi mji wake unapatikana. Sema "It's on the coast". "Old buildings of Germans" geuza, "old German buildings", na hapo ongeza kimoja unachokijua: pale Bombo kuna lile jengo la hospitali la Wajerumani, Cliff Block, limesimama juu ya bahari. "There's an old German hospital building overlooking the sea." "Overlook" ni kuelekea na kutazama kitu kutokea juu, neno moja limechora picha nzima. "Life is not expensive" inaeleweka, watu husema "the cost of living is low" au "it's cheap to live there".

"In holidays" ameshakwambia Nesi, sema "In the school holidays" kama ni za shule au "When I'm on leave" kama upo kazini. "For swimming" weka "to swim". Na Pangani usiipite haraka hivyo, ukipewa kadi ya safari ya karibu hiyo ndo ya kuongelea dakika mbili, mto unaingia baharini pale pale, unavuka kwa kivuko kwenda Bweni, minazi, magofu ya mji wa zamani. "The river meets the sea there and you cross it by ferry." Kama hupendi Pangani una mapango ya Amboni, "limestone caves just outside town", popo wamejaa humo.

"Last year I have been" inakuwa "Last year I went to Kigoma by train". Halafu "it was a long journey", "the journey took nearly two days". "I enjoyed" haiwezi kukaa peke yake, lazima useme umefurahia nini, "I enjoyed it" au "I really enjoyed the journey". Hili kosa la "I enjoyed" nalisikia hata kwa walimu wenzangu.

Na akikuuliza kwa nini ulifurahia usiseme "because it was nice". Dirishani uliona nini? Tabora mlisimama muda gani, watu waliuza nini chini ya behewa, asali, karanga, kuku? "People were selling honey and groundnuts through the windows at every station." Sema hivyo. Mtahini anasikia majibu ya museum siku nzima, na wamefundishwa kutambua jibu la kukariri, likigundulika linakuangusha alama.

Guide wa Moshi

Na mimi naongezea matamshi kabla hujaenda. Lafudhi yetu haina tatizo, hawakukatii alama kwa kuongea Kiingereza chenye lafudhi ya Kiswahili almradi unaeleweka, ila kuna maneno ya mada hii yanapoteza maana ukiyatamka kama yalivyoandikwa. "Hotel" mkazo upo mwishoni, ho-TEL. "Journey" inasikika kama "jaani", sio "jonei". "Coast" vuta ile "o", ukiifupisha inakuwa "cost", na wewe utaitaja mara nyingi. "Comfortable" wengi tunasema silabi nne, wao tatu, "kamftabo". "Vehicle" ile h kaa kimya.

Binti Likoni

Na "island" s haisomwi, ni "ailandi". Mna kile kisiwa chenu cha Toten hapo mbele ya bandari, ukikitaja ukasema "aislandi" utamsikia akikuuliza tena.

Mwana wa Ngamiani

Sawa dada, Toten Island nilikuwa nakusudia kabisa kuitaja maana babu wa jirani yetu alikuwa mvuvi na alikuwa anatupitisha hapo na ngalawa. Kwa Kiingereza ngalawa naiitaje?

Binti Likoni

"Outrigger canoe", yale matengo mawili ya pembeni ndiyo "outriggers". Ukiona ni refu sema "a small wooden sailing boat". Usiiite "dhow", dhow ni jahazi.